Nafasi ya kwanza Google haiuzwi, na thamani yake imeshuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji niseme na wafanyabiashara wenzangu, hasa sisi tulio katika utalii wa Kanda ya Kaskazini, kuhusu jambo linalotugharimu fedha nyingi bila kuzungumzwa hadharani. Tunapokea ujumbe wa barua pepe na WhatsApp, na wakati mwingine tunafuatwa hadi ofisini, na watu wanaoahidi kuiweka tovuti ya kampuni "namba moja Google" kwa malipo ya kila mwezi. Ninachotaka kusema ni kwamba nafasi hiyo haimo mikononi mwa anayeiuza, na kwamba hata ikipatikana kwa njia halali haileti tena wateja kwa kiwango cha zamani, kwa sababu namna watu wanavyotafuta habari mtandaoni imeanza kubadilika tangu mwishoni mwa mwaka 2022 na bado haijatulia.

Sisemi kwamba kazi yenyewe ni ya uongo. Kuiandaa tovuti ili injini za utafutaji ziielewe, kazi ambayo wenye fani huiita SEO, ni kazi halali yenye ufundi wake: kurasa zifunguke upesi kwenye simu, kila ukurasa uwe na kichwa kinachoeleza kilichomo, picha zipunguzwe uzito, viungo vya kubofya vilivyokatika virekebishwe, na anwani pamoja na namba ya simu zilingane kila mahali zinapoonekana. Fundi anayefanya hayo na kukuonesha alichokifanya anastahili ujira wake. Ninaowalalamikia ni vishoka, wale wanaouza matokeo badala ya kazi, na ambao mkataba wao, kama upo, hauelezi popote watafanya nini, ila unataja tu nafasi utakayopewa.

Mwongozo rasmi wa Google kwa wenye tovuti unasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kampuni hiyo haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika matokeo ya kawaida, yaani yale yasiyo matangazo. Sasa kishoka anawezaje kukuonesha jina lako likiwa juu kabisa? Njia rahisi kuliko zote ni kulitafuta jina la kampuni yako mwenyewe. Anakaa mbele ya meza yako, anaandika jina ulilolisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na tovuti yako inatokea ya kwanza, jambo ambalo lingetokea hata kama usingemlipa shilingi, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye jina hilo. Mgeni aliyeko Munich au Chicago halijui jina lako. Yeye anaandika kwamba anataka kupanda Kilimanjaro kwa siku saba, na huko ndiko ushindani uliko. Isitoshe, matokeo anayoyaona yeye si yale unayoyaona wewe ukiwa Moshi, kwa sababu mtambo huzingatia mahali alipo mtafutaji na lugha anayotumia, na simu yako mwenyewe, iliyozoea kufungua tovuti yako kila siku, ni shahidi mbaya kabisa wa jambo hili.

Njia nyingine ni kuchagua fungu refu la maneno ambalo hakuna binadamu anayelitafuta, tovuti yako ikawa ya kwanza katika mashindano yasiyo na mshindani. Ya hila zaidi ni ile ya kununua tangazo la Google kwa siku chache kwa kutumia sehemu ndogo ya fedha ulizolipa. Tangazo hukaa juu ya matokeo mengine likiwa na alama ndogo ya kuonesha kwamba limelipiwa, mwenye kampuni asiyezoea haitambui alama hiyo, picha ya skrini inapigwa na kuambatishwa kwenye ripoti ya mwezi, na siku bajeti ya tangazo inapokwisha jina linatoweka. Mwenye kampuni akiuliza, anaambiwa kwamba Google imebadilisha kanuni zake na kwamba inabidi aongeze fedha. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu linapita.

Kwa kweli kanuni zimebadilika mara nyingi, na historia yake inaeleza kwa nini njia za mkato huishia pabaya. Larry Page na Sergey Brin, waasisi wa Google, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikuja na wazo kwamba kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine kihesabiwe kama kura, na kwamba kura ya tovuti inayoaminika iwe na uzito kuliko ya tovuti isiyojulikana. Katika andiko lao la mwaka 1998 walionya pia, jambo ambalo leo linasomeka kama kejeli, kwamba injini ya utafutaji inayoendeshwa kwa fedha za matangazo itaegemea upande wa watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya watumiaji. Oktoba 2000 kampuni yao ilianzisha mfumo wake wa kuuza matangazo, na matangazo hayo ndiyo yaliyoitajirisha. Tangu hapo ukurasa mmoja umebeba matokeo ya aina mbili, ya kulipia na ya kustahili, na vishoka wetu wanaishi mpakani mwa aina hizo mbili.

Kura zilipopata thamani, zikaanza kununuliwa. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba tovuti ya J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilikuwa ikitokea juu kwa bidhaa za kila namna, kuanzia nguo hadi mazulia, kwa msaada wa maelfu ya viungo vilivyopandikizwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa hizo. Google iliishusha mara moja. Mwezi huohuo ilianza kuzishusha tovuti zenye maandishi mepesi yasiyo na faida kwa msomaji, na Aprili 2012 ikatoa mabadiliko yaliyoziandama tovuti zilizotegemea viungo vya kununua. Wenye tovuti walioguswa walihangaika kwa muda mrefu wakiomba viungo walivyolipia viondolewe. Hata hivyo, vifurushi vya mamia ya viungo bado vinatembezwa hapa kwetu kama bidhaa mpya, na anayevinunua hajui kwamba adhabu ikija inaiangukia tovuti yake. Muuzaji anakuwa ameshahamia kwa mteja mwingine.

Kilichoongezeka sasa ni makala za kutengenezwa kwa akili mnemba. Unaahidiwa makala kadhaa kila mwezi kwa bei ya chini, na kweli zinaletwa, zimenyooka kwa sarufi na zimepambwa kwa vichwa vya habari, lakini ukizisoma utaona kwamba hazina hata jambo moja ambalo halikuwa tayari limeandikwa na makampuni mengine ya safari. Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya maandishi yanayozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupandisha tovuti tu, yawe yameandikwa na mashine au na watu. Katika biashara yetu ugonjwa huu ulikuwapo hata kabla ya mashine. Fungua tovuti nyingi upendazo za kampuni za Moshi na Arusha, usome ukurasa wa njia ya Machame: utakuta kambi za Shira, Barranco, Karanga na Barafu kwa mpangilio uleule, sentensi zilezile, pengine hata makosa yaleyale ya tahajia, kwa sababu mmoja alinakili kwa mwenzake ambaye naye alinakili. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895 kwenye tovuti zote, na hilo ni sawa, lakini mgeni hahitaji tovuti zote hizo zimwambie jambo moja.

Hapo ndipo mabadiliko makubwa yanapotugusa. Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT, na watu wakazoea kuuliza swali kwa sentensi kamili na kupewa jibu kamili, bila kupitia orodha ya tovuti. Google, iliyokuwa imekaa kileleni kwa muda mrefu, ililazimika kufuata: Mei 2024 ilianza kuweka muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu ya matokeo yake nchini Marekani, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo muhtasari huo ulikuwa umesambazwa katika nchi zaidi ya 100. Mgeni anayeuliza tofauti ya njia ya Marangu na ya Lemosho sasa anaelezwa papo hapo kwamba Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, kwamba Lemosho huanzia magharibi na huchukua siku nyingi zaidi, na kwamba miezi ya masika ina mvua nyingi. Ameridhika. Hana sababu ya kufungua tovuti yangu wala yako, ingawa huenda jibu hilo limetokana na maandishi yetu.

Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilifuatilia utafutaji wa Wamarekani wazima 900 mwezi Machi 2025. Pale muhtasari wa akili mnemba ulipoonekana, watafutaji walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 tu ya matukio, ilhali pale ambapo haukuwapo walibofya katika asilimia 15. Viungo vilivyowekwa ndani ya muhtasari wenyewe, vile ambavyo tunaambiwa vitatufidia, vilibofywa katika asilimia 1. Wamarekani ni miongoni mwa wateja wetu wakubwa, kwa hiyo takwimu hizi hazihusu watu wa mbali. Ripoti ya kishoka inaweza kuendelea kusema kwamba uko wa kwanza, na ikawa kweli, huku idadi ya wanaofika kwenye tovuti ikipungua. Atakayelipa kwa kuangalia nafasi badala ya kuangalia maombi ya safari yaliyoingia atalipa kwa muda mrefu kabla ya kugundua.

Sitaki kulia kupita kiasi, maana kupungua huku si hasara yote. Wengi waliokuwa wakifungua kurasa zetu za maelezo walikuwa wanafunzi, waandishi na watu wa kupitisha muda, na hawakuwa na nia ya kupanda mlima wowote. Anayefika sasa baada ya kusoma muhtasari mara nyingi ameshajua misingi na anauliza maswali ya mteja: nani atakayemwongoza, bei inajumuisha nini, chakula kikoje kwa asiyekula nyama, mizigo itabebwa na watu wangapi na wanalipwaje. Wageni wengi wa Ulaya na Marekani huuliza kuhusu hali za wapagazi, na wengine hutaja kabisa KPAP, mradi unaofuatilia maslahi ya wapagazi hao. Kampuni iliyoandika kwa uwazi namna inavyowalipa wapagazi wake, uzito inaoruhusu kila mmoja abebe na jinsi inavyogawa bakshishi ina kitu cha kusomwa ambacho mashine haiwezi kukibuni, na ambacho jirani hawezi kukinakili bila kusema uongo. Kampuni iliyonunua makala 40 kuhusu "wakati mzuri wa kupanda Kilimanjaro" haina.

Jambo jingine linalofaa kutusumbua ni usahihi. Muda mfupi baada ya kuzinduliwa Mei 2024, muhtasari wa Google ulijulikana dunia nzima kwa kumshauri mtu aweke gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, ushauri uliotokana na mzaha wa zamani wa mtandaoni. Watu walicheka, na kampuni ikarekebisha. Makosa yanayotuhusu sisi hayachekeshi na hayaandikwi magazetini. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 ilianza kutozwa kwenye huduma za utalii Julai 2016, tozo za hifadhi nazo hurekebishwa mara kwa mara, lakini kurasa zilizoandikwa kabla ya mabadiliko hayo bado zipo mtandaoni, hazina tarehe, na mashine inazisoma kama zilivyo. Mgeni anakuja na bei aliyoambiwa na simu yake, anakuona wewe unayemtajia bei halisi kuwa ndiye mwizi, na mazungumzo yanaanza kwa kutoaminiana. Sehemu ya lawama ni yetu sote tunaoacha kurasa za zamani zikioza. Kuandika bei pamoja na tarehe ambayo bei hiyo ilihakikiwa hakugharimu chochote, na kuna manufaa kuliko kifurushi chochote cha viungo.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kununua matangazo wenyewe, moja kwa moja, bila dalali. Kwa baadhi ya biashara ni kweli. Katika utalii, hata hivyo, maneno tunayoyawania yanawaniwa pia na majukwaa makubwa ya kimataifa kama Booking.com na Tripadvisor, na bei ya tangazo hupangwa kwa mnada kila mtu anapotafuta. Kampuni ya Moshi yenye magari mawili haiwezi kushinda mnada huo kwa muda mrefu; ikishinda kwa siku moja, faida ya safari imeishia kwenye tangazo. Matokeo yake tunaorodheshwa kwenye majukwaa hayohayo, tunakatwa kamisheni, na majukwaa yanatumia kamisheni hiyo kununua matangazo yanayotushinda. Nimekaa nikiufikiria mzunguko huu na sijaona palipo na mwanya wa kuutoka kwa fedha peke yake.

Ukubwa wa mlango huo mmoja tunaougombania, yaani Google, umethibitishwa mahakamani. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na ushahidi ulionesha kuwa katika mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari na wengine ili iwe ndiyo injini inayokuja tayari kwenye vifaa. Septemba 2025 jaji huyohuyo alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, lakini aliipiga marufuku mikataba ya kuwafungia washindani nje na kuiagiza iwape washindani wanaostahili sehemu ya data zake za utafutaji. Kwa sisi wa huku uamuzi huo una maana moja ya vitendo, kwamba si busara kudhani kila mgeni wa kesho atapitia mlango uleule. Microsoft ina injini yake ya Bing, nayo inaruhusu biashara kujiorodhesha bure, na ni wachache mno miongoni mwetu waliojisumbua kufanya hivyo.

Afrika nako kuna pa kujifunzia. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilihitimisha Julai 2023 uchunguzi wake kuhusu majukwaa ya mtandaoni, na miongoni mwa hatua zilizotokana nao Google ilitakiwa kuyatofautisha kwa uwazi zaidi matokeo yaliyolipiwa na kuyapa majukwaa ya nchini humo nafasi ya kuonekana. Tume yetu ya Ushindani, FCC, haihitaji kuanza na jambo kubwa kiasi hicho. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari ina vifungu vinavyokataza udanganyifu na upotoshaji katika biashara, na ahadi ya nafasi ambayo mwenye mtambo mwenyewe amesema haiwezi kuahidiwa ni upotoshaji kwa maana yoyote ya neno hilo. Onyo moja la hadharani kutoka kwa Tume lingewasaidia wafanyabiashara wadogo kuliko semina nyingi. Chama cha Mawakala wa Utalii, TATO, nacho kingeweza kuwaandalia wanachama wake mfano wa mkataba wa huduma za tovuti, wenye orodha ya kazi zitakazofanyika na haki ya mteja kuondoka na mali zake.

Hilo la mali linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndilo nililoona likiwaumiza watu vibaya kuliko yote. Kampuni nyingi hazimiliki tovuti zao. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limesajiliwa kwa jina la aliyetengeneza tovuti, nywila za seva anazo yeye, na hata ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye ramani ya Google umefunguliwa kwa barua pepe yake. Siku mnapokosana kuhusu malipo, tovuti inazimwa, au unaambiwa ulipe ili ukabidhiwe jina ambalo ni la biashara yako. Wapo pia waliotegemea tovuti za bure zilizokuwa zikitengenezwa kupitia huduma ya Google ya wasifu wa biashara, na Machi 2024 Google ilizifunga zote. Ningemsihi kila mwenye biashara ahakikishe leo kwamba kikoa chake, kiwe cha .co.tz au kingine, kimesajiliwa kwa jina la kampuni na kwa barua pepe ya kampuni, na kwamba wasifu wake wa Google, ambao ni bure, unamilikiwa na yeye mwenyewe, huku fundi akipewa ruhusa ya kuusimamia tu. Ruhusa ya kusimamia inaweza kuondolewa kwa dakika moja. Umiliki ukishakuwa kwa mwingine, kuurudisha ni safari ndefu.

Wasifu huo wa biashara ndio ninaouona kuwa na faida kubwa kuliko vyote kwa wanaohudumia wateja wa karibu: zahanati, gereji, maduka ya vifaa vya ujenzi, nyumba za wageni. Google yenyewe inaeleza kwamba katika kupanga matokeo ya mahali huangalia uhusiano wa biashara na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu wa biashara hiyo, na umaarufu huo unatokana kwa sehemu na maoni ya wateja. Picha halisi, saa halisi za kufungua, namba ya simu inayopokelewa na majibu ya kistaarabu kwa maoni mabaya ni mambo ambayo mwenye duka anaweza kuyafanya kwa simu yake jioni moja. Maoni ya kununua yanakatazwa, na pia yanajulikana. Hakuna gereji ya Majengo ambayo ghafla inasifiwa na watu wa nchi za mbali waliowahi kusifu pia kinyozi wa Manila. Kwa wenye tovuti kuna pia Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonesha maneno hasa ambayo watu waliandika kabla ya kuziona kurasa zako na mara ngapi walibofya. Mwombe fundi wako akufungulie uisome mwenyewe kila mwezi. Kama anasita, umeshapata jibu kuhusu fundi huyo.

Kuhusu Kiswahili nina jambo ambalo naliona limeachwa wazi kabisa. Karibu tovuti zote za utalii wa nchi hii zimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo lina sababu yake, lakini Mtanzania anayetaka kujua gharama ya kupanda Kilimanjaro kwa viwango vya mwenyeji, au familia ya Dodoma inayotaka kulala usiku mmoja karibu na Ngorongoro, anaandika swali lake kwa Kiswahili na kukuta kurasa chache, nyingi zikiwa za habari za zamani. Ushindani ambao kwa Kiingereza unahitaji mamilioni, kwa Kiswahili unahitaji ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri. Mashine za majibu nazo zinategemea kilichoandikwa. Pale ambapo Kiswahili hakina kitu, zinatafsiri kutoka kwa wengine, pamoja na bei za wageni kwa dola.

Hapa inabidi niwaseme wenzangu wa mjini wanaouza kupitia Instagram. Tangu Julai 2025 mtandao huo umeruhusu machapisho ya hadharani ya akaunti za kibiashara kuonekana kwenye injini za utafutaji, na hiyo ni fursa. Lakini mtafutaji atakuta nini? Picha ya sofa, moyo mwekundu, na maneno "bei njoo inboksi". Hakuna vipimo, hakuna aina ya mbao, hakuna mtaa duka lilipo, hakuna bei. Mtambo hauwezi kukisoma kisichoandikwa, na mteja aliyeko Mwanza saa tano usiku hana haja ya kubembeleza kuambiwa bei ya sofa. Najua sababu ya kuficha bei: mshindani asiione, na mteja apimwe kwanza uwezo wake. Mshindani, nawahakikishia, alishajifanya mteja zamani na bei anaijua.

Namalizia kwa ombi kwenu, Ndugu Mhariri. Magazeti nayo yanapoteza wasomaji kwa muhtasari huohuo unaojibu maswali bila kumpeleka mtu kwenye chanzo. Nchini Marekani kampuni ya Penske, inayochapisha jarida la Rolling Stone, iliishtaki Google kwa sababu hiyo Septemba 2025. Kwa hiyo tuko upande mmoja katika jambo hili, na ingekuwa vyema dawati lenu la biashara lilifuatilie kwa kuwahoji wenye tovuti, FCC na mafundi waaminifu ambao sifa yao inachafuliwa. Na pale litakapoletwa kwenu tangazo linaloahidi nafasi ya kwanza Google kwa uhakika, naomba dawati lenu la matangazo limtake mwenye tangazo aoneshe kwa maandishi atafanya kazi gani ili kuipata nafasi hiyo, kabla ya kupokea fedha zake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa utalii,
Moshi, Kilimanjaro